Robo maili: kwa nini V8 za zamani za Marekani zinaachwa na gari za siku hizi

Dodge Charger R/T ya 1968 yenye injini ya Hemi, ile V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya Chrysler ya lita 7, ilipopimwa na jarida la Car and Driver ilimaliza robo maili kwa sekunde 13.5 ikiwa kwenye mwendo wa maili 105 kwa saa, kama kilomita 169 hivi. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa habari ya kutisha, gari unalinunua shorumu, lina viti na redio yake, halafu linakimbia hivyo. Saivi kuna Tesla Model S Plaid, gari la milango minne la kupeleka watoto shule, na Tesla wenyewe walitangaza sekunde 9.23 kwa mwendo wa maili 155. Ukizipanga pamoja, Plaid inamaliza mita zote 402 wakati Charger ndo kwanza imepita nusu ya njia.

Wengi wakiona hivyo wanahitimisha haraka kwamba zile V8 za miaka ya 60 na 70 zilikuwa sifa tupu, kelele nyingi mwendo hamna. Upande wa pili nao unajibu kwamba gari la umeme sio gari, basi mjadala unaishia hapo na hakuna aliyejifunza kitu. Mimi nazipenda sana hizi gari za zamani, GTO, Chevelle, Charger, Barracuda, na ndo maana inaniuma zikisemwa vibaya kwa kosa ambalo sio lao. Zinaachwa, hilo hamna ubishi. Ila ukifuatilia zinaachiwa wapi, utakuta injini ndo kitu cha mwisho kabisa cha kulaumiwa.

Tuanze na karatasi ya matokeo. Kwenye mbio za dragi, zile za kukimbia moja kwa moja bila kona toka mmesimama, kila dereva akimaliza anapewa kikaratasi chenye namba kibao, ila mbili ndo zinazobishaniwa: muda uliotumika toka gari litoke kwenye mstari mpaka limalize, na mwendo liliokuwa nao pale mwishoni. Watu wanazichanganya sana hizi mbili. Mwendo wa mwishoni unakuambia injini ina nguvu kiasi gani ukilinganisha na uzito wa gari. Muda unakuambia hiyo nguvu ilifikaje kwenye lami, hasa pale mwanzo gari linapoondoka.

Angalia mfano huu ambao mimi naona unamaliza nusu ya ubishi. Dodge Challenger Hellcat ilipotoka 2015 na hosipawa zake 707, Dodge walitoa namba mbili za gari hilohilo: likiwa na tairi zake za kiwandani sekunde 11.2 kwa maili 125, na likifungwa tairi laini za dragi sekunde 10.8 kwa maili 126. Injini ileile, dereva wa aina ileile, umebadilisha mpira tu na umeokoa sekunde 0.4. Halafu Tesla Model S P100D, ile iliyotangulia Plaid, ilipimwa na jarida la Motor Trend ikapata sekunde 10.5 kwa maili 125. Mwendo wa mwishoni ni maili 125, uleule wa Hellcat ya tairi za kawaida, lakini Tesla imetangulia kufika kwa sekunde 0.7. Kwahiyo haikushinda kwa sababu mwishoni ilikuwa na mbio zaidi, ilishinda kwa sababu mwanzoni ilikuwa imeshaondoka wakati Hellcat bado inahangaika kushika lami.

Na hapo ndo tunarudi kwenye Charger yetu.

Futi 60 za kwanza, kama mita 18, ndo kipande kinachoamua karibu kila kitu. Waliozoea mbio hizi wana hesabu yao kwamba kila sehemu ya kumi ya sekunde unayookoa kwenye hizo futi 60 inakurudishia karibu mara mbili ukifika mwisho, kwasababu ukichelewa pale mwanzo unachelewa kila hatua inayofuata. Gari la misuli, yaani hizi za V8 kubwa, la 1970 likiwa na tairi zake za kiwandani linatumia sekunde 2 na ushee kuzimaliza hizo futi. Gari la kisasa lenye nguvu linalosukuma tairi zote nne linatumia kama 1.5. Umeshapoteza zaidi ya nusu sekunde na bado hata hujaingiza gia ya pili.

Kwanini linachelewa hivyo? Tairi. Zile tairi za enzi hizo, kwa mfano Goodyear Polyglas za F60-15 zilizokuwa zinaonekana za maana kweli kwa maandishi yake meupe ubavuni, zilikuwa za muundo wa kabla ya rediali, nyuzi zake zimepishana mshazari, mpira mgumu, na sehemu inayogusa lami ikawa nyembamba ukilinganisha na tairi za leo. Sasa umechukua injini ya Chevelle SS 454 LS6, lita 7.4, hosipawa 450 kwa hesabu ya kiwanda, ukaiunganisha na tairi mbili tu za nyuma za namna hiyo, ni sawa na kumvalisha mkimbiaji ndala kwenye tope ukategemea aondoke kwa nguvu zake zote. Ukikanyaga mafuta mpaka chini zinazunguka palepale zinatoa moshi. Dereva mzuri wa wakati ule alikuwa yule anayejua kukanyaga nusu, anasikilizia, anaongeza taratibu. Yaani ufundi wenyewe ulikuwa kuizuia injini isifanye kazi yake.

Uzito nao ulikaa vibaya. Injini za chuma kitupu, Hemi ina zaidi ya kilo 300 peke yake, zimekaa mbele, zaidi ya nusu ya uzito wa gari iko juu ya tairi ambazo hazisukumi chochote. Nyuma kuna ekseli ngumu ya kipande kimoja iliyoshikiliwa na springi za chuma bapa kama za pikapu (Chevelle na ndugu zake wa General Motors, GM, walikuwa na springi za kuzunguka, ila ekseli ni hiyohiyo ngumu), na ukiondoka kwa nguvu zile bapa zinajinyonga, ekseli inazungukia juu kidogo, inarudi, inazunguka tena, tairi zinadunda badala ya kushika. Ukipata video nzuri ya karibu iliyopunguzwa mwendo utaona tairi la nyuma linapigapiga chini kama linataka kung'oka. Kila linapodunda, hapo hakuna kinachosukuma gari mbele. Mafundi waliligundua hili mapema sana, wakawa wanafunga vyuma chini ya springi kuzuia kujinyonga, na hivyo vyuma mpaka leo vinauzwa.

Gia sasa, hili watu wanalisahau kabisa. Otomatiki ya Turbo 400 ya GM ilikuwa na gia tatu tu: ya kwanza injini inazunguka mara 2.48 kwa mzunguko mmoja unaotoka kwenye gia, ya pili 1.48, na ya tatu moja kwa moja. Ukipiga hesabu, ukibadilisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili ukiwa kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika injini inaanguka mpaka karibu 3,300, na inabidi ianze kupanda tena kutoka huko chini. V8 kubwa ina msukumo mkubwa hata huko chini ndo maana ilivumilia, lakini bado umetoka kwenye sehemu ambayo injini inatoa nguvu zake zote. Linganisha na ile otomatiki ya gia 10 iliyoanza kufungwa kwenye Mustang GT ya 2018: gia ya kwanza ni 4.70, kwahiyo kwenye mstari inasukuma karibu mara mbili ya ile ya zamani kwa injini yenye msukumo uleule, halafu ukitoka ya nne kwenda ya tano kwenye mizunguko 7,000 unaangukia 6,000 tu. Injini haipumziki. Mustang hiyo ina lita 5 na hosipawa 460, kwenye karatasi namba yake inakaribiana sana na LS6 ya lita 7.4, lakini inamaliza robo maili kwa sekunde 12 na kidogo wakati LS6 kwenye majarida ya enzi zake ilikuwa 13 na kitu.

Hapo kwenye hosipawa lazima tusimame kidogo maana kuna mtego. Kabla ya modeli za 1972 viwanda vya Marekani vilikuwa vinapima injini ikiwa juu ya stendi, haina alteneta, haina feni, haina chujio la hewa, haina silensa, kila kitu kinachokula nguvu kimeondolewa. Toka 1972 wakahamia kupima injini ikiwa na vyombo vyake vyote kama inavyokaa ndani ya gari. Mwaka wa mpito 1971 unaonyesha pengo lenyewe: Hemi iliyoandikwa 425 kwa hesabu ya zamani ikawa 350 kwa hesabu mpya, na injini ya LS5 ya Corvette iliyoandikwa 365 ikawa 285. Injini ileile, bolti ileile. Kwahiyo ukimwona mtu analinganisha 425 ya mwaka 1970 na 460 ya 2018 anasema tofauti ni ndogo, mwambie hizo ni sarafu mbili tofauti.

Ila pia kuna injini zilizoandikwa chini ya uwezo wake, na hili linachanganya zaidi. Kampuni za bima zilikuwa zimeanza kuwakamua vijana wenye gari za nguvu, na kwenye mbio rasmi za NHRA, chama cha mbio za dragi kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, daraja la gari lilipangwa kwa uzito wake ukigawanya kwa hosipawa zilizotangazwa na kiwanda. Kiwanda kikiandika namba ndogo, gari linaingia daraja la wanyonge na linawapiga wote. Ford Cobra Jet 428 iliandikwa 335, na Camaro ZL1 ya 1969, zile 69 tu zilizotengenezwa na injini ya aluminiamu ya lita 7, iliandikwa 430, na kila aliyezikimbiza alijua kuna zaidi. Kwahiyo namba za enzi zile zinadanganya juu na chini, na ndo maana mimi naamini zaidi ule mwendo wa mwishoni kuliko chochote kilichoandikwa kwenye brosha.

Kompyuta ndo iliyozibana kabisa. Gari la leo lina sensa kwenye kila tairi, likianza kuteleza tu kompyuta inapunguza nguvu kabla hata mguu wa dereva haujajua kuna shida. Inapima mafuta kila silinda, inasikiliza kama injini inagonga na kuchelewesha kidogo cheche ya plagi, inafanya hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kabureta ya 1970 ilisetiwa asubuhi na fundi kwa bisibisi, na mchana hewa ikipata joto seti ile haifai tena. Mtu mwenye miezi michache ya leseni anaweza kukaa kwenye gari la kisasa, akabonyeza breki na mafuta kwa pamoja, akaachia breki, akapata muda ambao bingwa wa 1970 angehitaji miaka ya mazoezi kuupata, na kwa gari ambalo halina uwezo huo.

Ndo maana hata Toyota Camry ya V6 yenye hosipawa 301 inamaliza robo maili kwa sekunde 14 na kidogo. Haiwezi kuifikia Hemi wala LS6 iliyo na afya, lakini zile zilikuwa chache na ghali sana. Gari za V8 walizonunua watu wengi zilikuwa za sekunde 14 mpaka 15, na nyingi kati ya hizo Camry inazipiga, huku ikiwa na kiyoyozi.

Kwa sisi tunaoishi nyanda za juu kuna jambo la hewa. Injini isiyo na turbo wala supachaja (vifaa vya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300, kwahiyo Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, unaacha zaidi ya asilimia 15 mezani kabla hujawasha gari. Marekani walikuwa na uwanja wa Bandimere karibu na Denver, uliofungwa 2023, uliokuwa kwenye urefu unaokaribiana na huo wa Nairobi, na kila aliyeenda pale na V8 ya kabureta alirudi analalamika. Turbo inajazia sehemu kubwa ya pengo hilo. Mota ya umeme haivuti hewa kabisa, kwahiyo haijui kama iko Mombasa au mlimani.

Na kuhusu umeme wenyewe, nguvu ya Plaid ni kubwa kweli, hosipawa 1,020 kutoka mota tatu, gari lenye uzito wa zaidi ya tani 2. Lakini siri sio hiyo namba peke yake. Mota inatoa msukumo wake mkubwa toka tairi halijazunguka hata mara moja, hakuna kubadilisha gia, na kompyuta inagawa nguvu mbele na nyuma kwa haraka ambayo hakuna difu ya chuma inayoweza. Kabla ya kuondoka inabidi betri ipashwe joto kwa dakika kadhaa, halafu gari linainama mbele, linashusha pua, ili tairi za mbele zisipoteze uzito gari linaporuka. Kila kitu pale kimefikiriwa kwa ajili ya zile futi 60.

Sasa kama mtu bado anaamini kwamba ni teknolojia ya injini iliyozishinda zile za zamani, aangalie Dodge Challenger SRT Demon 170 ya 2023. Injini ni V8, blok ya chuma, vali zinasukumwa na fimbo kwa mtindo uleule wa babu yake Hemi, na inasukuma tairi za nyuma tu. Kilichoongezwa ni supachaja, mafuta yenye ethanoli nyingi, otomatiki ya gia 8, kompyuta, na tairi za dragi za Mickey Thompson zenye upana wa milimita 315. Matokeo ni hosipawa 1,025 na sekunde 8.91 kwa maili 151, muda uliothibitishwa na NHRA. Kwa sheria za NHRA gari jipya la kiwandani linaruhusiwa kukimbia bila vyuma vya kinga mpaka sekunde 9.00, kwahiyo Demon 170 ilitoka kiwandani ikiwa tayari imevuka mpaka. Mfumo wa zamani, ukipewa gia na mpira wa kisasa, umeipita Plaid.

Ushahidi wa pili unatoka kwa gari za zamani zenyewe. Mwaka 1968 Chrysler waliwapa kampuni ya Hurst kazi ya kutengeneza Dodge Dart na Plymouth Barracuda chache zenye Hemi kwa ajili ya mbio tu, na gari hizo zina daraja lao la NHRA mpaka leo, SS/AH. Hazina turbo, hazina supachaja, zina kabureta, na zinamaliza robo maili kwa sekunde 8. Zimefungwa tairi pana za mbio, gia za kisasa, na ndani ya injini kuna kazi ya mikono ya miaka 50, sikatai, lakini bodi ni ile na muundo wa Hemi ni uleule. Kule Stanton, Michigan, kuna mashindano ya gari zilizobaki karibu kama kiwanda kilivyoziacha, tairi za dragi haziruhusiwi, na hata pale zipo zinazoingia kwenye sekunde 11. Gari lililopimwa na majarida likapata 13 na kitu, leo linapata 11 bila tairi za dragi, kwasababu injini imejengwa kwa vipimo makini, kabureta na moto vimesetiwa na mtu anayejua, na dereva anajua kuondoka.

Kwahiyo ukiona video ya Chevelle inaachwa kama imesimama, jiulize ni Chevelle gani. Hemi na LS6 halisi saivi haziletwi kwenye mbio ovyo, Hemi 'Cuda (Barracuda) ya wazi ya 1971 iliuzwa dola milioni 3.5 kwenye mnada wa 2014, nani atachezea hiyo? Zinazoletwa nyingi ni za injini ndogo, au zilizochoka, au zilizobandikwa beji ya gari ambalo sio. Zinakutana na gari la jana lililotoka dukani likiwa na afya kamili. Na tusisahau zile gari zilikufa zikiwa bado vijana: modeli za 1971 GM walishusha mgandamizo wa injini kujiandaa na petroli isiyo na risasi, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, bima ikapanda, na vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 vikamalizia. Miaka mingi ikapita bila mtu kuendeleza ile kazi.

Kuna sehemu moja ambayo pengo hili halina maana kabisa, nayo ndo mbio zinazokimbiwa na watu wengi zaidi Marekani wikiendi kwa wikiendi. Kila dereva anaandika kwenye kioo muda anaotegemea kupata. Chevrolet Nova ya zamani ikiandika 12.50 na Plaid ikaandika 9.40, Nova inapewa taa ya kijani sekunde 3.10 mapema, halafu anayetangulia kufika ameshinda, isipokuwa ukikimbia haraka kuliko ulivyoandika umejitoa mwenyewe. Hapo hosipawa hazikusaidii. Kinachosaidia ni jicho lako kwenye taa na gari linalorudia muda uleule asubuhi mpaka jioni, na V8 rahisi ya kabureta yenye otomatiki ya gia mbili au tatu, ikishasetiwa, inarudia 12.50, 12.51, 12.50 mpaka unachoka kuandika. Plaid ikishuka chaji au betri ikibadilika joto, dereva wake anapiga hesabu upya kila raundi.